Insha arobaini na mbili, bunduki kila ukurasa

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, kidato cha tatu, shule ya kata mkoani Morogoro. Mwezi uliopita niliwapa wanafunzi waandike insha kuhusu maisha ya Wamarekani weusi. Nimepokea insha 42, na karibu zote zina bunduki, cheni za dhahabu, magari ya kifahari na wasichana waliovaa nusu uchi. Nilipouliza wameyatoa wapi, darasa zima likajibu: "Hip-hop, ticha!" Mwenzangu mmoja anasema muziki huo ndio uliowaharibia watu weusi jina. Mwingine anasema lawama ni ya televisheni. Nani yuko sahihi? Na lile neno "nigga" wanaloitana uwanjani, nilikataze au niliache?

Jibu:

Marahaba, mwalimu.

Wenzako wote wawili wana hoja, ila wote wamemruka mtu mmoja: anayechagua.

Wanafunzi wako hawakudanganya. Wameandika walichokiona. Lakini kati ya kijana anayechana mistari Compton, Marekani, na kijana anayeangalia simu Kilosa wamesimama watu wengi: mwenye lebo (kampuni ya kutoa na kuuza muziki), mpanga nyimbo wa redio, mhariri wa televisheni, na siku hizi hata programu ya simu inayokupangia video inayofuata. Kila mmoja ana chekeche lake. Kinachofika Kilosa ni kile kilichopenya machekeche yote, na aliyetoboa matundu yake hakuwa anatafuta ukweli wa maisha ya mtu yeyote. Alikuwa anatafuta mauzo.

Tuanzie kwetu. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka 1994. Zanzibar walitutangulia kwa miaka kama ishirini. Wengi wetu huku bara, ukiacha walioangalia kanda za kuazimana, tulianza kumwona Mmarekani mweusi akitembea na kuongea sebuleni katikati ya miaka ya 1990. Vijana wakampa jina: Mnyamwezi. Marekani yenyewe ikawa Unyamwezini. (Wanyamwezi wa Tabora hawakuulizwa.) Shida ni kwamba tulifungua dirisha wakati nje pameshapangwa. Miaka mitatu tu kabla ya hapo biashara ya muziki Marekani ilikuwa imegeuka, na picha tuliyoipokea kama "hip-hop yenyewe" ilikuwa picha ya baada ya mgeuko huo.

Mwanzo wake ulikuwa kitu kingine kabisa. Agosti 11, 1973, kwenye ukumbi wa jengo la kupanga namba 1520 Sedgwick Avenue, Bronx, New York, msichana aitwaye Cindy Campbell aliandaa dansi ili apate hela ya nguo za shule. Kiingilio senti 25 kwa wasichana, senti 50 kwa wavulana. Kaka yake Clive, mzaliwa wa Kingston, Jamaika, ambaye watu walimwita Kool Herc, ndiye aliyepiga muziki. Alichoongeza ni ujanja wa kuchukua kile kipande ambacho waimbaji wananyamaza na ngoma zinabaki peke yake, akakirefusha kwa santuri mbili. Basi. Kwa miaka sita ya kwanza hakukuwa hata na santuri ya rap iliyotamba sokoni. Ilikuwa sherehe ya watu waliokatiwa mtaa katikati na barabara kuu, na ambao majengo yao yalikuwa yakiungua usiku hadi usiku. Mwaka 1982 Grandmaster Flash and the Furious Five walipotoa "The Message", walichosimulia ni panya, mende, vioo vilivyovunjika na mtu anayekaribia kupagawa kwa shida.

Na picha ya mtu mweusi wa kutisha au wa kuchekesha ilikuwepo karne nzima na zaidi kabla ya Herc kugusa santuri. Miaka ya 1830 wazungu walikuwa wakijipaka masizi usoni na kupanda jukwaani kumwigiza mtumwa. Mhusika mmoja wa maigizo hayo, Jim Crow, ndiye aliyezipa jina sheria za ubaguzi. Mwaka 1915 filamu ya D. W. Griffith iliyowatukuza Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi, ilionyeshwa hadi Ikulu ya Washington. Kwa hiyo mwenzako anayesema hip-hop ndiyo iliyochafua jina, mwambie fremu ilishachongwa zamani. Swali la maana ni kwa nini, katika nyimbo zote zilizokuwepo, zilichaguliwa zile zinazoienea fremu hiyo.

Hapo ndipo penye 1991, na niruhusu nikae hapo kidogo.

Kwa miaka mingi jarida la Billboard lilikuwa likipanga chati zake kwa simu. Mtu anapiga dukani, anauliza: wiki hii nini kimetoka sana? Muuzaji anajibu kwa kukisia, kwa mapenzi yake mwenyewe, au kwa kukumbuka zawadi aliyoachiwa na mtu wa lebo. Kwa mtindo huo roki ilipendelewa, na rap nyingi ilihesabiwa kama muziki wa pembeni. Mei 25, 1991, chati ya albamu ikahamia kwenye mfumo wa SoundScan: kila kanda au CD ikipita kaunta msimbopau unasomwa, na mauzo yanahesabika yenyewe. Mwezi uliofuata albamu ya pili ya N.W.A, kundi la Compton lililokuwa halipigwi redioni, iliingia namba 2. Wiki moja baadaye ikawa namba 1.

Wenye lebo walipigwa na butwaa. Kumbe kanda hizi zilikuwa zikitoka hata kwenye maduka makubwa ya vitongoji vya wenye nafasi. Vijana weupe walikuwa wakinunua kwa wingi hadithi za mtaa ambao wazazi wao wasingekubali wapite hata ndani ya gari lililofungwa vioo. Na muuza duka akishaona sukari ndiyo inayotoka, haagizi tena chumvi. De La Soul walikuwepo na utani wao. Queen Latifah alikuwepo na taji lake la kitambaa cha Kiafrika. Arrested Development, wenye nyimbo za mashambani na za Mungu, walishinda Grammy ya msanii mpya mwaka 1993. Hakuna aliyewapiga marufuku. Ila bajeti ya video, bango la barabarani na nafasi ya saa mbili usiku vilianza kuelekea upande mmoja, na msanii chipukizi aliyekuja na mashairi ya bibi yake aliulizwa kama hana kitu kigumu zaidi.

Usinielewe vibaya kuhusu N.W.A. Walipotoa wimbo wao wa kuwalaani polisi, ofisa wa FBI aliandika barua kwa lebo yao, Agosti 1989, kuulalamikia. Vyombo vya habari navyo vikawaita wachochezi. Machi 3, 1991, mkazi mmoja wa Los Angeles akiwa barazani kwake akarekodi polisi wakimpiga Rodney King, mtu mweusi aliyelala chini, kwa virungu na mateke. Wimbo uliokuwa matusi ukageuka ushahidi. Mwaka uliofuata, Aprili 29, baraza la wazee wa mahakama halikumtia hatiani hata polisi mmoja kati ya wanne, jiji likawaka na zaidi ya watu 50 wakafa. Wale vijana walikuwa wameona jambo la kweli na wakalisema kwa lugha chafu. Televisheni ikaikumbuka ile lugha chafu.

Mwaka 1996 likaja chekeche lingine, la redio. Kabla ya hapo kampuni moja Marekani haikuruhusiwa kumiliki zaidi ya vituo 40. Sheria mpya ya mawasiliano ikaondoa kikomo cha nchi nzima, na baada ya miaka michache Clear Channel peke yake ilikuwa na zaidi ya 1,200. DJ wa mtaa aliyekuwa akiwapiga vijana wa mtaa wake akapokea orodha kutoka makao makuu.

Nalijua hilo kwa upande wa pili wa bomba. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa nikisaidia kupanga nyimbo kwenye kituo kimoja cha FM, Dar es Salaam. CD za promosheni zilitufikia mkononi kwa mtu aliyetoka majuu. Kila moja ilikuwa na wimbo mmoja katika matoleo manne: lenye matusi, lisilo na matusi, biti tupu na sauti tupu. Albamu yenyewe, nyimbo kumi na saba, hatukuiona. Nilipiga ule mmoja usiku baada ya usiku, na msikilizaji wa Temeke akaamini amemsikia msanii. Mimi mwenyewe niliamini hivyo. Baadaye nikanunua Kariakoo kanda ya kudurufu ya mmoja wao, na upande B nikamkuta akimwimbia bibi yake aliyekuwa akifua nguo za watu. Wimbo mzuri kuliko ule wetu, wala haukuwa na tusi hata moja. Sikuwahi kuupiga, nilikuwa nimeshaacha redio.

Sasa, hata ukiondoa machekeche yote hayo, linabaki la mwisho, na hilo limo ndani ya sikio la msikilizaji. Katika miaka ya 1990 mtafiti wa saikolojia Carrie Fried alichukua maneno ya wimbo wa zamani wa Kingston Trio, kundi la wazungu, kuhusu mtu anayempiga risasi ofisa wa polisi na wala hajutii. Akawapa watu karatasi wasome. Wengine aliwaambia ni muziki wa kantri, wengine aliwaambia ni rap. Maneno ni yale yale, nukta kwa nukta. Walioambiwa ni rap waliyaona ya hatari zaidi na ya kuudhi zaidi, na walikuwa wepesi zaidi kusema yawekewe vikwazo. Mwaka 2016 watafiti wengine wakalirudia jaribio hilo, na neno "rap" likafanya kazi ile ile. Mimi sijaona utafiti unaojibu swali lako kwa ufupi kuliko huo. Hapakuwa na video pale, wala cheni, wala msichana anayekata kiuno. Palikuwa na karatasi na jina la aina ya muziki.

Ukitaka kuona sikio hilo likifanya kazi hewani, kuna Juni 2015. Rapa Kendrick Lamar alitumbuiza kwenye tuzo za BET, televisheni ya Wamarekani weusi, akiwa juu ya gari la polisi lililochorwachorwa. Kiitikio cha wimbo wake kinasema tutakuwa salama. Mwezi uliofuata waandamanaji wa Cleveland walikiimba barabarani. Kwenye Fox News wachambuzi walishika mstari mmoja unaowataja polisi, na Geraldo Rivera akasema hip-hop imewadhuru vijana weusi kuliko ubaguzi wa rangi katika miaka ya karibuni. Lamar akairekodi sauti hiyo ndani ya albamu yake ya mwaka 2017. Albamu hiyo ndiyo iliyopewa tuzo ya Pulitzer ya muziki mwaka 2018, ya kwanza kutoka nje ya muziki wa klasiki na jazi.

Na mahakamani nako. Waendesha mashtaka Marekani wamekuwa wakisoma mistari ya washtakiwa kama maungamo, jambo ambalo mwandishi wa riwaya za mauaji hafanyiwi. California ilitunga sheria mwaka 2022 ya kuwataka mahakimu wapime kwanza kama sanaa hiyo kweli inathibitisha kosa au inaamsha tu chuki ya rangi.

Lakini mwalimu, nikiishia hapo nitakuwa nimewasafisha wasanii, nao si wa kusafishwa. Chekeche halikuwashikia kalamu. Wapo waliojua kinachouza wakakiandika mchana kweupe, na mzigo mkubwa waliubeba wanawake weusi. Hata kisingizio cha "wazungu ndio wenye vyombo" hakitoshi: BET ilianzishwa 1980 na Mmarekani mweusi, Robert Johnson, na hata baada ya kuiuza, yeye akiwa bado kiongozi wake, ilikuwa na kipindi cha usiku wa manane cha video ambazo nisingependa zionekane kwangu wageni wakiwepo.

Mwaka 2004 rapa Nelly alitarajiwa kwenda Spelman, chuo cha wanawake weusi Atlanta, kwa shughuli ya kutafuta watu wa kujitolea uboho. Dada yake alikuwa akiumwa saratani ya damu. Video yake mojawapo ilimwonyesha mwanamme akipitisha kadi ya benki kwenye makalio ya mwanamke, kama vile mwanamke ni mashine ya kaunta. Wanafunzi wakasema: njoo, ila tuketi tuizungumze video. Shughuli ikafutwa, na magazeti yakawageuza wao kuwa watu waliomnyima mgonjwa tiba. Ukiangalia vizuri utaona walinyang'anywa mara mbili: video iliwafanya bidhaa, kisha habari ikawafanya wakatili. Mmoja wa walioongoza madai yale, Moya Bailey, baadaye alibuni neno la kitaalamu kwa ajili ya chuki hii inayomwangukia mtu kwa kuwa mwanamke na mweusi kwa pamoja, na neno hilo leo linafundishwa vyuoni.

Wasichana wako wa kidato cha tatu wasomee habari hii kabla ya zote. Angalia ni wangapi kati yao, katika insha zile, wamemwandika mwanamke mweusi mwenye jina.

Lile neno: kataza, na ueleze sababu. Lilikuwa neno la mwenye watumwa. Baadhi ya Wamarekani weusi wameligeuza likawa la kuitana ndugu, na wengine wao hawataki kulisikia kabisa. Mwaka 2007 NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, kililifanyia mazishi Detroit, pamoja na jeneza. Ni ugomvi wa ndani ya nyumba ya watu. Mtoto wa Morogoro hana hati ya kuingia humo, na hana haja, maana Kiswahili kina mshikaji, mwana, msela, mwanangu.

Sasa kuhusu darasa. Usiwahubirie. Anza na Tupac, kwa kuwa wanamjua. Kila mji wetu umewahi kuwa na kinyozi aliyemchora ukutani, kitambaa kichwani na macho makali. Waulize anayejua mama yake ni nani. Afeni Shakur alikuwa Black Panther, yaani mwanachama wa chama cha Wamarekani weusi kilichopambana na ubaguzi. Alishtakiwa New York pamoja na wenzake, akajitetea mwenyewe mahakamani akiwa mjamzito, akaachiwa huru Mei 1971, na Juni 16 akajifungua. Mtoto akakulia katika shida, akasoma uigizaji, mashairi na baleti kwenye shule ya sanaa Baltimore. Hayo hayajachorwa kwenye ukuta wa kinyozi. Kisha wape hili: baba yake wa ubatizo, Geronimo Pratt, Panther aliyefungwa miaka 27 kwa kesi ambayo hukumu yake ilikuja kutenguliwa, alihamia Tanzania. Alifia Imbaseni, karibu na Arusha, Juni 2011. Yaani vinyozi wa Arusha walikuwa wakimchora Tupac kwa kutazama jalada la kanda, na baba yake huyo wa ubatizo alikuwa akiishi kijijini, mwendo mfupi wa daladala.

Kisha warudishe nyumbani. Muziki wetu wa kufokafoka nao uliitwa wa wahuni, na wazazi wakaamini, maana magazeti ya udaku yaliwapa wasanii ukurasa siku wanapogombana tu. Mwaka 2001 Profesa Jay alitoa "Ndio Mzee", akijifanya mgombea anayeahidi mambo yasiyowezekana huku umati ukiitikia. Mwaka 2015 huyo huyo alichaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi, mkoani kwako hapo hapo. Msanii mwenzake, Sugu wa Mbeya, alimtangulia bungeni kwa miaka mitano. Mtoto wa Morogoro hahitaji kwenda Bronx kujua kwamba mtu na picha yake gazetini ni vitu viwili.

Baada ya hapo fanya jaribio la Fried, kwa mali yetu wenyewe. Tafuta beti sita za utenzi wa vita, Tambuka kwa mfano. Panga na damu havikosekani humo. Ziandike upya kwa Kiswahili cha leo ili maneno ya kale yasikuchome, uzichape bila jina. Nusu ya darasa iambie ni utenzi wa mababu. Nusu nyingine iambie ni mistari ya kijana wa Manzese. Swali moja tu kwenye karatasi: wimbo huu unafaa kusomwa shuleni, ndiyo au hapana, na kwa nini? Kusanya, andika idadi ubaoni, ndipo uwaambie ulichofanya.

Watapiga kelele kwamba umewadanganya. Waache wapige dakika tano, halafu warudishie insha zao 42.